Hedifoni moja ya michezo ya kompyuta na muziki kwa bei nafuu: mwongozo kwa mnunuzi wa Lubumbashi

Ukiwa na dola 10 hadi 60 unaweza kupata hedifoni moja itakayokutosha kwa mechi za usiku kwenye kompyuta na kwa rumba ya Jumapili mchana. Nalisema hili mapema kwa sababu vijana wengi mjini wanaamini kwamba bila dola 100 hakuna sauti ya maana, kwa hiyo wanachukua chochote chenye taa nyingi kwa dola 15 na kujiambia kitasukuma siku. Baada ya miezi michache sikio moja limenyamaza na wanarudi dukani kununua kilekile.

Msimamo wangu ni huu: lipia sauti, mito ya masikioni na waya. Usilipie taa, usilipie maandishi ya 7.1 (sauti ya kukuzunguka) kwenye boksi, na maikrofoni ikibidi uinunue kando. Hedifoni ya muziki iliyotengenezwa vizuri inakuonyesha vizuri zaidi adui anatokea wapi kuliko kifaa cha rangi tano kilichoandikwa “michezo” kwa bei ileile.

Hatua ya 1: Tazama tundu za kompyuta yako kwanza

Geuza kompyuta kabla hujatoa pesa. Kompyuta nyingi za mezani zina tundu mbili za sauti zinazotuhusu: ya kijani inatoa sauti, ya waridi inapokea maikrofoni. Laptopu nyingi za sasa zina tundu moja tu linalofanya kazi zote mbili.

Halafu tazama pini ya hedifoni. Ikiwa na mikanda miwili myeusi, inabeba sauti ya kushoto na kulia basi. Ikiwa na mitatu, inabeba na maikrofoni pia. Hapa ndipo watu wengi wanapogombana na muuzaji bure: pini ya mikanda mitatu ukiichomeka kwenye tundu la kijani la kompyuta ya mezani, muziki utasikika vizuri lakini wenzako hawatasikia neno lako hata moja. Hedifoni ni nzima. Kinachokosekana ni adapta ndogo yenye mdomo mmoja na mikia miwili, mmoja wa sauti na mmoja wa maikrofoni. Mikia hiyo huwa na alama au picha. Kuna adapta nyingine inayofanana nayo sana lakini ina midomo miwili na mkia mmoja, ya watu wawili kusikiliza simu moja. Hiyo haitakusaidia, kwa hiyo itazame vizuri kabla ya kulipa.

Hedifoni ya USB ina kadi yake ya sauti ndani, haitegemei tundu za kompyuta hata kidogo. Kwa wenye kompyuta za mitumba kutoka Ulaya, ambazo tundu lake la sauti mara nyingi limelegea au limekufa, hii ni faida kubwa. Lakini hata hapo si lazima ununue hedifoni ya USB: kuna kadi ndogo za sauti za USB, saizi ya kidole gumba, za dola chache, unazochomekea hedifoni yoyote ya kawaida. Napendelea njia hii. Kadi ikifa unabadilisha kadi, hedifoni inabaki.

Jambo moja la umeme wetu. Maikrofoni ikivuma wakati laptopu iko kwenye chaja, chomoa chaja kwa dakika moja. Mvumo ukikoma, hedifoni haina kosa, tatizo linatoka kwenye umeme au kwenye chaja, na hedifoni mpya haitaliondoa.

Hatua ya 2: Utaivaa wapi?

Hedifoni za kufunika sikio ni za aina mbili. Zenye mgongo uliofungwa zinazuia kelele za nje na kubakiza sauti yako ndani. Zenye mgongo wazi zina matundu nyuma, hewa na sauti vinapita. Hizi za wazi zinatoa sauti yenye upana, kama vile wanamuziki wamekaa chumbani nawe, na kwenye michezo ya kufyatua risasi watu wengi wanaona ni rahisi zaidi kujua hatua zinatokea upande gani na umbali gani. Tena hazichomi masikio.

Sasa rudi kwenye nyumba yako. Ukiishi Katuba au Ruashi, jenereta ya jirani inaunguruma upande huu, kwaya inafanya mazoezi upande ule, na mdogo wako analala chumba hichohicho, hedifoni ya wazi itakushinda. Kelele zote zitaingia, utaongeza sauti kuzishinda, na mtoto ataamka. Chukua iliyofungwa. Ukiwa na chumba chako peke yako na mtaa wenye utulivu, chukua ya wazi bila kusita.

Mito nayo ina maneno yake. Ile ya ngozi bandia inaziba vizuri na besi inakuwa nzito, ila mwezi wa kumi, joto likiwa kali kabla ya mvua, utaloa jasho masikioni na ngozi yenyewe itaanza kubanduka vipandevipande. Mito ya kitambaa au ya mahameli inapoa zaidi lakini inazuia kelele kidogo. Wenye miwani na wenye nywele zilizosukwa wajue kwamba mkono wa miwani au msuko unaopita chini ya mto unafungua mwanya, na besi inatoroka hapo hapo. Jaribu ukiwa na miwani yako usoni, na nywele zikiwa jinsi zinavyokuwa siku zote.

Kuna njia ya tatu ambayo wachezaji wengi wanaidharau: za kuingia sikioni, za waya. Chini ya dola 20 hakuna kinachozishinda kwa sauti. Kiwanda hakitumii pesa kwenye mito, utepe wa kichwani na plastiki, karibu zote zinakwenda kwenye kile kinachotoa sauti. Zinazuia kelele vizuri na hazigombani na miwani wala msuko. Ubaya wake ni kwamba baadhi ya watu hawavumilii kitu ndani ya sikio kwa saa nyingi, na ni lazima upate ukubwa wa raba unaoziba sikio lako sawasawa, la sivyo zitasikika nyembamba kama redio ya betri zinazoisha.

Hatua ya 3: Waya

Kwa bajeti hii, nunua ya waya. Bluetooth ya kawaida inachelewesha sauti. Ukisikiliza muziki huwezi kugundua, lakini kwenye mchezo unaona risasi kwanza, mlio unafuata nyuma yake. Baya zaidi, ukiwasha maikrofoni ya hedifoni ya Bluetooth kwenye kompyuta, ubora wa muziki unaanguka palepale na kuwa kama wa simu, kwa sababu njia ileile ya mawasiliano inalazimika kubeba sauti ya kwenda na ya kurudi. Zipo zisizo na waya zinazokuja na kidude chao cha USB cha 2.4 GHz. Hizo hazicheleweshi kwa kiasi cha kusumbua mchezo, lakini nzuri zake zinaanza juu ya bajeti yetu. Na umeme ukikatwa kwa zamu mtaani, ya waya haikuulizi habari za chaji.

Hatua ya 4: Soma boksi kwa akili

“20–20,000 Hz” imeandikwa karibu kwenye kila boksi. Hicho ni kipimo cha sikio la binadamu kijana na lenye afya, hakikuambii lolote kuhusu ubora. “50 mm” ni upana wa kile kinachotoa sauti ndani. Kikubwa si lazima kiwe bora, na zipo za 40 mm zinazozishinda za 50 mm kwa mbali. “7.1” kwenye hedifoni za bei hii ni programu inayocheza na sauti, ndani bado kuna vitoa sauti viwili, kushoto na kulia. Una masikio mawili, na viwili vinatosha.

Namba inayostahili macho yako ni ya omu, yaani kipimo cha jinsi hedifoni inavyokinza umeme. Kati ya 16 na 64, kompyuta au simu yoyote itaisukuma bila shida. Ikiwa 250, utahitaji kikuza sauti. Hili linawahusu wanaonunua vifaa vya studio vilivyotumika: Beyerdynamic DT 770 Pro, kwa mfano, ni hedifoni nzuri sana, lakini inauzwa kwa namba tofauti za omu, na ukiangukia ile ya 250 halafu ukaichomeka kwenye laptopu, itakunong’oneza tu.

Hatua ya 5: Weka bajeti, kisha tafuta jina

Bei ninazotaja ni za maduka ya mtandaoni ya nje, na zinapanda na kushuka. Ongeza usafiri na faida ya mfanyabiashara.

Kwa dola 10 hadi 20, tafuta za kuingia sikioni: KZ EDX Pro, inayozunguka dola 10, au Moondrop Chu II, karibu dola 20. Ya pili ni laini zaidi kwa sauti za waimbaji na waya wake unachomoka. Kama unataka maikrofoni, angalia toleo lenye maikrofoni kwenye waya, kwa sababu si zote zinazo.

Karibu dola 30 kuna Koss KPH30i, nyepesi, ya kukaa juu ya sikio, wazi, yenye sauti ya joto inayofaa sana rumba. Inavuja sauti pande zote, basi si ya chumba cha watu watatu. Ukipanda kidogo unakutana na Superlux HD 668B, yenye upana mzuri wa kusikia nyayo, ila sauti zake za juu ni kali na zinahitaji kurekebishwa kwa programu. Nitaeleza mbele.

Kati ya dola 45 na 60, Audio-Technica ATH-M20x ni iliyofungwa, imara, bila mbwembwe. Waya wake hauchomoki, na hilo nalihesabu kama pungufu kubwa. Upande wa hedifoni za michezo zenye maikrofoni yake, HyperX Cloud Stinger ni jina ninaloweza kulitaja bila wasiwasi: nyepesi, haina taa, maikrofoni inasikika vizuri.

Ukipata yenye waya unaochomoka, hakikisha tundu lake ni la kawaida la 3.5 mm. ATH-M40x, kaka yake M20x, inatumia pini ya 2.5 mm inayofungwa kwa kuzungushwa, na waya wa namna hiyo si rahisi kuukuta kwenye meza za mtaani. Tundu la 3.5 mm linakuruhusu pia kuchomeka waya wenye maikrofoni siku utakayohitaji.

Kuhusu kuzipata, bidhaa nyingi zinatufikia kupitia Kasumbalesa, kutoka Zambia, Afrika Kusini au bandari ya Dar es Salaam, na nyingine kwa ndege kutoka Dubai na China. Ukiwa na mfanyabiashara unayemwamini anayesafiri, mpe jina kamili la modeli, herufi kwa herufi, pamoja na picha. Ukisema tu “niletee kaske ya michezo”, ataleta aliyoiona ya kwanza. Uliza pia kama usafiri unahesabiwa kwa kilo au kwa ukubwa wa boksi: hedifoni haina uzito, boksi lake ni kubwa.

Hatua ya 6: Dukani, sikiliza kabla ya kulipa

Hii ndiyo hatua ninayokusihi usiiruke, hata kama muuzaji ana haraka. Nenda asubuhi, duka likiwa na watu wachache. Beba laptopu yako au simu yenye tundu la sauti. Omba kwa heshima:

“Papa, jambo. Naomba niisikilize kidogo kabla ya kulipa, nimekuja na mashine yangu.”

“Kijana, hii ni original, ina 7.1, ona taa zake!”

“Nimeziona, papa. Sauti ikinipendeza nalipa leo leo.”

Muuzaji akikataa kabisa kufungua boksi, na hakuna hata moja ya kuonyesha, aga vizuri na uende duka linalofuata.

Andaa nyimbo zako nyumbani, faili nzuri. Wimbo uliopitia mikono kumi kwenye WhatsApp umeshakatwakatwa, utailaumu hedifoni kwa dhambi isiyo yake. Kwa masikio yetu hakuna kipimo kizuri kuliko rumba, na nakushauri uchague wimbo unaoufahamu kuanzia mwanzo hadi sebene, ile sehemu ya mwisho ya gitaa za haraka.

Katika sehemu ya polepole, sikiliza mwimbaji mkuu. Sauti yake ikae katikati ya kichwa, palepale. Ikielea pande zote na besi ikawa kama imeondoka, huenda upande mmoja umeunganishwa kinyume, kosa linalotokea kwenye bandia na kwenye zilizofunguliwa na kutengenezwa. Ikiegemea upande mmoja, geuza hedifoni, ya kushoto iende kulia. Uegemeo ukihama pamoja na hedifoni, basi kosa ni la hedifoni. Ukibaki upande uleule, tazama mashine yako.

Sebene ikianza, kazi inakuwa tamu. Gitaa ya solo, ya mi-solo na ya kusindikiza zinasukana. Je, unaweza kuchagua moja na kuifuata peke yake hadi mwisho wa mzunguko? Hedifoni mbaya inazigeuza uji mmoja. Besi nayo, unasikia noti zake zikipanda na kushuka, au ni mvumo mmoja wa “mmm”? Maraka na sahani za ngoma zisikike kama mchanga mkavu unaotikiswa, zisichome sikio. Herufi s za mwimbaji zikikukereketa ndani ya dakika tano dukani, baada ya saa mbili nyumbani zitakuumiza kichwa.

Kisha michezo. Rekodi nyumbani kipande kifupi cha mchezo wako, chenye nyayo zinazokuzunguka na mlipuko mmoja, ukibebe. Funga macho uelekeze kidole kule hatua zinakotokea. Mlipuko ukimeza nyayo zote zinazofuata, besi imezidi. Hedifoni inayotenganisha gitaa tatu za sebene huwa haipati taabu na nyayo, kwa kuwa ni uwezo uleule: kutoa sauti ndogo iliyo wazi wakati kubwa inapiga. Kama unacheza eFootball tu, usijisumbue na kipimo hiki.

Ivae dakika 15 nzima huku ukiongea bei. Ikibana mbele ya masikio au ikikandamiza utosi sasa, haitakuwa rafiki yako usiku. Tikisa waya taratibu kwenye pini na pale unapoingia kwenye hedifoni, ukisikiliza. Sauti ikikatika hata mara moja, irudishe. Vuta utepe urefuke na ufupike. Rekodi sauti yako kwa maikrofoni, kisha ujisikilize.

Na hedifoni ya kufunika sikio yenye jina kubwa kwa dola 10 ni bandia. Usitafute maelezo mengine. Bandia nyingine ni za kusikilizika, lakini lipa bei ya kitu kisicho na jina, na usikubali kulipia jina ambalo halimo.

Hatua ya 7: Nyumbani, irekebishe

Fungua mipangilio ya sauti ya mchezo uchague hedifoni, si spika. Counter-Strike 2 ina hesabu yake ya ndani ya kukuwekea sauti mbele, nyuma na pembeni, na Valorant ina chaguo la HRTF linalofanya kazi hiyo. Ukiwasha hiyo, zima 7.1 ya hedifoni na ya Windows, kwani hesabu mbili zikipandana zinaharibiana na nyayo zinapotea mahali pake. Kwa michezo isiyo na hesabu yake, Windows 10 na 11 zina Windows Sonic bure. Ijaribu, na ukiona haikusaidii iache. Ukisikiliza muziki, zima vyote.

Halafu weka Equalizer APO, programu ya bure ya Windows inayorekebisha sauti ya mashine nzima. Wakati wa kuiweka itakuuliza ni kifaa kipi cha sauti ishughulikie, na hapo weka alama kwenye kile unachotumia, hasa kama umenunua kadi ya USB. Mradi wa bure uitwao AutoEq unatoa marekebisho yaliyokwisha hesabiwa kwa maelfu ya hedifoni. Tafuta modeli yako, nakili, umemaliza. Hapa ndipo HD 668B inapopoa ukali wake. Ukiinua sauti yoyote, punguza sauti ya jumla kwa desibeli zilezile, la sivyo mlipuko utapasuka masikioni.

Mimi nahifadhi mipangilio miwili. Ya muziki inafuata marekebisho ya modeli. Ya michezo inapunguza kidogo chini ya hezi 100 na kuinua desibeli 2 au 3 kati ya hezi 2,000 na 4,000, ambako kwenye michezo mingi nyayo na vyuma vinajitokeza. Usizidishe, masikio yanachoka upesi kwenye eneo hilo.

Hatua ya 8: Kiasi cha sauti

Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kama kikomo cha mtu mzima. Ukifika desibeli 90, muda salama unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki nzima. Ndiyo maana nasisitiza hedifoni inayoziba karibu na jenereta, maana usiposikia kelele ya nje, huna sababu ya kupandisha. Panga kiasi cha sauti wakati nyumba imetulia, kisha usikiguse jenereta ikiwaka. Masikio yakipiga mluzi baada ya mchezo, umezidisha, na kesho yapumzishe. Uwezo wa kusikia uliopotea kwa kelele haurudi, na kwa mtu anayependa muziki hiyo ni hasara isiyo na dawa.

Hatua ya 9: Itunze

Waya hufa kwanza, karibu na pini. Chomoa kwa kushika pini, usivute waya, na usiukunje kwa kubana kuizunguka simu. Ukikatika, mafundi wa simu wanachomelea pini mpya kwa pesa kidogo. Mwambie fundi idadi ya mikanda ya pini ya zamani, na upime kushoto na kulia kabla hujaondoka.

Kiangazi vumbi jekundu linaingia kila mahali, basi usiiache mezani wazi, itie kwenye mfuko wa kitambaa. Mito ifute kwa kitambaa chenye maji kidogo, bila spiriti, kwa sababu spiriti inakausha ngozi bandia ikapasuka. Ikichakaa, pima upana wake kwa rula na uagize mingine ya kipimo hicho, na kumbuka kwamba mito ya unene tofauti itabadilisha sauti, kwa hiyo rudi kwenye Equalizer APO uisikilize upya.

Boksi na risiti vihifadhi hadi muda wa garantii uliokubaliana na muuzaji upite, na garantii hiyo iandikwe kwenye risiti, pamoja na tarehe na jina la modeli.